Nyumba Isiyo na Kelele

Mpendwa dada wa ng'ambo ya ukuta,

Jina lako sitaliandika. Mji uliko siujui, na hata ningeujua nisingeutaja. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mwanaume anayekutafuta hakijui hata neno moja. Wewe nawe hukisomi, najua, ulikuwa ukikisikia tu ukutani asubuhi na jioni. Lakini popote ulipo katika Amerika hii hakosekani mama wa Kikongo au wa Kirundi, na huyo atakusomea na kukufasiria, tena kwa sauti kubwa mpaka umwombe apunguze.

Mlihamia Irving, pembeni mwa Dallas, mwaka 2017, wewe na mumeo na mama yake, katika majengo yale yaliyo chini ya njia ya ndege. Sisi tulikuwa tumeshazoea pale. Ndege ikipita juu ya paa tunanyamaza kidogo, ikishapita tunaendelea tulipoishia, kwa sauti ileile. Wewe siku ya kwanza ulinisalimia mlangoni na sikusikia kitu. Niliona midomo inacheza. Nikakuambia sema kwa nguvu, dada, mimi si mchawi nisome midomo. Ukainama, ukaweka mkono kifuani, ukarudia kwa sauti ileile ya chini. Nikaingia ndani nikamwambia Baba Furaha tumepata jirani bubu.

Kumbe hukuwa bubu. Ulikuwa na adabu. Nilikuja kuelewa siku uliponikaribisha chai. Ulinimiminia kidogo, chini ya nusu ya kikombe, nikasema moyoni, hawa watu wana mkono wa birika. Nilipomaliza ukamimina kidogo tena, na tena, na ndipo uliponieleza kwa Kiingereza chetu kile cha darasa la wageni kwamba kwenu Uzbekistani mgeni akijaziwa kikombe mpaka juu anaambiwa anywe aende zake. Kikombe kidogo maana yake kaa, nataka kukuhudumia tena. Ukasema sauti nayo humiminwa hivyohivyo. Anayepaza sauti mbele ya mkubwa anamfukuza. Mwanamke aliyeolewa, kelin kama mnavyomwita, akiingia nyumba ya mume huongea kiasi cha kusikiwa na aliye mbele yake tu, na miezi ya kwanza hata salamu kwa wakwe huitoa kwa kuinama na kunong'ona. Mzee mwenye heshima hahitaji kupiga kelele, maana wote hunyamaza wamsikilize.

Nilikutania sana. Nikakuuliza, kama hampendi kelele, mbona kwenye ile video ya harusi yako kuna wanaume wanapuliza tarumbeta ndefu kupita mtu mzima, mpaka madirisha yanatetemeka? Ukacheka huku umefunika mdomo. Ukasema tarumbeta haina mama mkwe. Siku hiyo ndipo nilipokupenda.

Nakiri desturi yenu niliiona nzuri, na bado naiona nzuri. Baba yako, uliniambia, hakuwahi kupaza sauti nyumbani maisha yake yote, na hakuwahi kukuinulia mkono. Yeye alizaliwa katika desturi ileile na mumeo. Kwa hiyo watu wasije wakaniambia Kiuzbeki ndicho kilichokupiga. Aliyekupiga namjua, ana jina na sura na kovu la moto shavuni, na kovu hilo nimempa mimi.

Nyumba yangu unaijua. Sisi watu wa Uvira, kule Kongo, tunaongea kama tunaitana kutoka mlima huu hadi ule. Simu ya nyumbani ikiwa mbaya tunaipigia kelele ipone. Polisi walishakuja kwetu zaidi ya mara moja, wameitwa na majirani wanaodhani watu wanachinjana, kumbe Baba Furaha na mimi tunabishana kama mboga ya sombe iongezwe mawese au iachwe. Kila polisi walipoondoka mumeo alikuja kutujulia hali. Mkono kifuani, kichwa chini, sauti laini kama ya nesi. Majengo yote walimsifu. Wamama wa kanisani walipomwona kwenye ngazi waliniuliza kama ana kaka ambaye hajaoa. Mimi mwenyewe nilimwambia Baba Furaha ajifunze kwa mwenzake, mwanaume anarudi kutoka kuendesha lori siku nzima na husikii hata mlango ukigongwa.

Baba Furaha hakumpenda tangu mwanzo. Aliniambia, "Mama Furaha, huyu mutu mi namuogopaka. Simba mwenda pole njo mula nyama." Nikamwambia wivu utamuua.

Kwetu ndoa mbaya husikika. Nilikulia mahali ambapo mwanaume akimpiga mke, kilima kizima kinajua kabla hajashusha mkono wa pili, kwa sababu mke anapiga yowe. Na yowe ni sheria. Ukilisikia huulizi ni la nani wala kosa ni la nani, unaacha jungu motoni unakwenda, na asiyekwenda hatazikwa vizuri. Mjomba wangu mmoja alimpiga mkewe na mpini wa jembe. Mke akapiga yowe, wanawake wakaja na michi ya kutwangia, wakampiga mjomba mpaka akajikojolea mbele ya wakwe zake. Hakurudia. Kwa hiyo mimi nilikaa ukutani kwako mwaka mzima nikisikia mshindo mara mojamoja, mshindo mzito usio na sauti ya mtu, nikasema moyoni, dada yule anakanda unga wa zile tambi zake. Nikakusifu kwa bidii.

Siku ya kujua ilikuwa katika chumba cha kufulia, mashine zote zinazunguka. Nilikusalimia kwa namna yetu, paji la uso kwa paji la uso, kushoto, kulia, kushoto. Kichwa changu kilipogusa chako upande wa kushoto ulijikunja kwa maumivu. Hukutoa sauti. Ulishika mashine tu, macho yakatoka maji. Nikavuta kitambaa chako. Juu ya sikio palikuwa pamevimba, pana rangi ya zambarau, na nywele zimeng'olewa kipande kizima. Ukaniambia ni mlango. Nikakujibu kwamba milango ya Amerika naijua, haina ngumi.

Uliniambia yote pale, kwa sauti ile ya chini, na nililazimika kuweka sikio karibu na mdomo wako kama padri. Kwamba hufunga dirisha kwanza. Kwamba hakasiriki, au hasira yake haifiki kooni. Hukushika nywele kwa mkono mmoja na kukupiga kwa mwingine, mahali panapofunikwa na nguo, na huku anapiga anakubembeleza, sekin, sekin, polepole, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Na wewe unauma taulo. Nilipokuuliza kwa nini unauma taulo ukanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. Mama mkwe yuko chumba cha pili, ukasema. Ni aibu asikie.

Dada, sijawahi kukasirika vile. Nilitaka kwenda kumngoja kwenye maegesho ya lori nimvunje meno na wrench. Ulinishika mkono. Ukasema karatasi zako za kuishi hapa ziko chini ya jina lake, na ukimsema, nyumbani kwenu watasema kelin alipaza sauti. Nikakuambia bora waseme alipaza sauti kuliko waseme alikuwa mpole, Mungu amrehemu. Ukanijibu kwamba hujui kupaza sauti. Nilidhani unasema hutaki. Kumbe ulimaanisha hivyohivyo ulivyosema, kwamba hujui, kama mtu asiyejua kuogelea.

Ndipo nikakufundisha. Sijui kama kuna mwanamke mwingine duniani aliyefundishwa kupiga yowe ndani ya Toyota kuukuu kwenye maegesho ya duka la vyakula, vioo vimefungwa, mifuko ya vitunguu siti ya nyuma. Nilianza mimi. Nilipiga moja la kwetu, la mwizi na la simba, mzungu aliyekuwa akisukuma kigari akakiacha kikaenda chenyewe. Ukajaribu. Pumzi ikatoka peke yake. Ukajaribu tena, ikatoka sauti kama ya mlango wa kabati. Kila ulipofungua mdomo mkono wako ulikuja wenyewe kuufunika, na mimi niliukamata mkono huo nikaukalia. Nikakuambia sauti haitoki kooni, inatoka pale mtoto anapotokea. Nikakuambia umfikirie mumeo. Ukasema ukimfikiria yeye ndipo unaponyamaza. Basi nikakuambia umfikirie mama yako anakutafuta sokoni na wewe umepotea.

Ndege ikapita juu, chini kabisa, na wewe ukapiga. Sikulisikia lote kwa ajili ya ndege, lakini nililiona, shingo ilisimama mishipa na uso ukawa mwekundu. Ilipopita ndege ulikuwa bado unapiga. Halafu ukaomba radhi. Tukacheka mpaka nikashindwa kuendesha gari. Tulikubaliana pale: ukipiga, tutakuja. Hatutauliza.

Ilikuja kuwa Jumamosi moja ya mwaka 2018, saa za mchana. Nilikuwa nasonga fufu. Baba Furaha alikuwa bafuni ananyoa ndevu, povu usoni, kwa sababu jioni tulikuwa na arusi Lewisville. Ukutani nilisikia kitu kikianguka, kisha kimya. Halafu ukapiga yowe.

Dada, kambini na vitani nimesikia watu wakilia, lakini lako lilinipasua. Baba Furaha alitoka bafuni hana shati, hana viatu, povu upande mmoja wa uso, akanipita mbio. Mimi nilitoka na mwiko mkononi, fufu bado imeng'ang'ania mwiko, inatoa mvuke. Alipiga mlango wenu teke, ukatikisika. Akaupiga tena, ukaanguka ndani na fremu yake, maana milango ile ni mbao za kuigiza.

Ulikuwa sakafuni jikoni. Karoti mlizokatia pilau yenu zimetapakaa kila mahali, na taya lako lilikuwa limehama. Halikuwa mahali pa taya. Mama mkwe amesimama pembeni, ameshika ukuta, mweupe kama unga. Na mumeo ana kile kisu cha kwenu chenye mpini wa pembe. Ungedhani mtu mwenye kisu atapiga kelele. Hakupiga. Alimwambia Baba Furaha kwa Kiingereza na kwa utulivu kabisa, "Brother, please. Ni mambo ya familia. Rudi nyumbani."

Baba Furaha akasema, "Weka kisu chini, na-count tatu." Hakufika mbili. Mumeo aliruka na kisu kikapita kwenye mkono wa kushoto wa mume wangu, kuanzia karibu na kiwiko hadi kiganjani, na damu ikaruka mpaka kwenye friji. Nami nikamchapa usoni na mwiko. Fufu ya moto haipanguswi, dada. Hunata, na ukiivuta unavuta na ngozi. Hapo ndipo alipopiga kelele mara yake ya kwanza na ya mwisho, na nakuambia kweli mbele ya Mungu, niliifurahia. Nikampiga tena sikioni mpaka mwiko ukavunjika. Baba Furaha akamkamata, wakaanguka juu ya meza, meza ikavunjika, akampiga kwa mkono mmoja ule uliobaki mzima, anampiga na huku anaongea naye, anamwita majina mabaya yote ya lugha yetu ya Kifuliiru ambayo sitayaandika kwa kuwa mama anayekusomea ni mtu wa kanisa. Kisu kiliteleza kikaingia chini ya jiko. Damu ya mume wangu ilikuwa juu ya kila kitu. Nilikuwa napiga kelele, Baba Furaha anapiga kelele, mtu wa juu anapiga kelele kwa Kihispania. Ni wewe peke yako uliyekuwa umenyamaza tena.

Polisi walikuja upesi. Waliitwa kwa ajili yetu, si kwa ajili yako. Simu iliyopigwa ilisema kuna watu wanapiga kelele.

Nataka uelewe walichokiona, maana wewe ulikuwa nusu umezimia. Waliona mwanaume mweusi mkubwa asiye na shati, damu kifuani, povu jeupe usoni, anafoka kwa lugha wasiyoijua. Waliona mwanamke mnene anayepunga kipande cha mti. Na waliona mwanaume mwembamba aliyeungua uso, amesimama wima, mkono kifuani. Bunduki zikatuelekea sisi. Walimlaza Baba Furaha kifudifudi pale nje kwenye saruji, goti mgongoni, pingu juu ya mkono uliopasuka. Alilia, na mimi sijawahi kumsikia akilia. Mumeo akawaambia kwa sauti yake ile, sir kila baada ya neno, kwamba hawa watu wamevunja mlango wake, wamempiga mke wake, wao ni watu wa fujo, jengo lote linajua. Na kweli jengo lote lilijua.

Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti ilivyopanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo askari yule kijana alivyonirudisha nyuma na mkono kwenye bunduki. Aliniambia nishushe sauti. Nilimwambia mume wangu anakufa. Aliniambia tena nishushe sauti. Dada, sikuwa na sauti nyingine. Ile ndiyo niliyozaliwa nayo. Niliona Baba Furaha ananyamaza pale chini, midomo imegusa saruji, damu inatembea kuelekea ngazi, na nikajua kabisa kwamba wanaume hufa hivi katika nchi hii, na kesho yake mtu mwenye sauti nzuri hueleza kilichotokea.

Ulitoka ukishika ukuta. Mama mkwe wako aliweka kidole midomoni, akakuambia neno lile, sekin. Ulimtazama. Namkumbuka alivyokutazama naye, haikuwa chuki, alikuwa anakuomba. Kisha ukafungua mdomo wako uliovunjika, damu na jino vikatoka, na sauti ikafuata nyuma yake. Askari wote waligeuka. Ulisema kwa Kiingereza chako chote ulichokuwa nacho.

"Mume wangu! Kisu chake! Chini ya jiko! Huyu hapana! Huyu hapana!"

Askari akakuambia ushushe sauti na wewe. Hukushusha. Maneno yalitoka yameharibika kwa sababu ya taya, ukayarudia, na kila ulipoyarudia ulikuwa unamnyooshea kidole mumeo, kidole karibu na jicho lake, mbele ya mama yake, mbele ya jengo zima. Ulipiga kelele mpaka askari mwanamke akaingia jikoni, akapiga magoti, akatazama chini ya jiko. Akatoka na kisu. Walifungua pingu za Baba Furaha wakazifunga mikono mingine.

Ulipokuwa unapandishwa kwenye gari la wagonjwa, mama mkwe wako alivua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyeupe nje mbele ya wanaume wote wale, akakufunga nacho taya. Hakupanda garini. Nilisikia baadaye ndugu walimrudisha kwao. Sijui nimweke wapi moyoni mwangu, kwa hiyo bado sijamweka.

Mkono wa Baba Furaha ulishonwa, lakini vidole viwili havikunji. Hawezi tena kazi ya kubeba maboksi, anafanya usafi hotelini, na akinuna huwa ananionyesha vidole hivyo. Nikamuuliza siku moja kama anajuta. Akanijibu, "Juta nini? Mwanamuke alipiga yowe." Halafu akaniambia nimletee chumvi. Ofisi ya majengo ilikataa kutuandikia mkataba mpya kwa sababu ya kelele na mlango, ndiyo maana tukaja Houston, Sharpstown, kwa mdogo wake Baba Furaha. Hapa kila mlango una kelele zake, hakuna anayetuona.

Wewe walikuficha watu wa nyumba ile ya wanawake waliokimbia waume, na walifanya vizuri; barua hii nayo inapita kwao. Ulinipigia simu mara moja tu, namba haionekani. Ulisema unafanya kazi jikoni na wenzako wanakulalamikia unapiga kelele. Nililia kwa furaha, nikamwita Baba Furaha aje asikie, nikaweka spika, ukapiga kelele za salamu, na sisi tukakupigia zetu. Ile ndiyo simu nzuri kuliko zote nilizopokea tangu nivuke bahari.

Sasa nisikilize vizuri, na wewe mama unayesoma, soma polepole.

Ametoka gerezani. Ilikuwa mwaka huu wa 2020, wakati wa barakoa, watu hawazikani wala hawatembeleani. Alikwenda kwanza kwenye majengo yetu ya zamani kule Irving, akaulizia tulipohamia, na watu wetu wenyewe wakampa anwani. Nilimpigia Mama Chantal, jirani yetu wa kule, nikamtukana. Akajitetea: "Lakini alituuliza na heshima, Mama Furaha. Anaongea muzuri, na mukono ku kifua." Ona. Hata baada ya damu ile.

Kwa hiyo akaendesha gari kutoka Dallas hadi mlangoni kwangu. Nilifungua nikamkuta ameshuka ngazi kidogo ili asinikaribie, barakoa usoni, kovu linachungulia juu yake, mkono kifuani. Aliniita opa, dada mkubwa. Sauti ilikuwa ya chini mno hata nikalazimika kumwambia arudie. Alisema amebadilika. Alisema anataka tu kukuomba msamaha ana kwa ana. Aliuliza uko mji gani.

Jikoni kulikuwa na maji yanachemka ya fufu. Niliyawaza. Baba Furaha alikuwa kazini. Niliwaza kupiga yowe, Sharpstown nzima ingetoka, Wakongo, Warundi, Wahondurasi, wangemrarua. Kifua kilikuwa kimeshajaa. Lakini nikawaza, nikimfukuza kwa kelele atajua kuna kitu ninakilinda, na mtu aliyeendesha gari kutoka Dallas ataendesha mpaka atakapokupata.

Nikavuta mlango nyuma yangu. Nikaweka mkono kifuani. Nikatazama chini, nikashusha sauti mpaka pale ilipo yako, mimi ambaye sijawahi kunong'ona hata kanisani, na nikamwambia umekufa. Nikamwambia ni korona, ulikufa hospitalini, hatukuruhusiwa kuingia wala kuzika. Aliuliza kaburi liko wapi. Nikamwambia sijui, walizika wenyewe. Sikulia. Sikuongeza neno.

Aliniamini. Mwanamke anayepiga kelele kila siku akinong'ona, mtu hudhani amepigwa na msiba. Alikaa kwenye ngazi, akafungua viganja, akakusomea dua ndefu, na ilipoisha akapitisha viganja usoni, na mimi nikaitikia amina pamoja naye kwa sababu ningefanya nini. Kisha akawasha gari akaondoka. Niliingia ndani nikazima moto chini ya maji ya fufu.

Yeye hatanyamaza na habari hiyo. Atapiga simu kwao, kwao watapeleka kwenu, na wakati barua hii inasomwa mama yako ameshakalishwa chini akaambiwa. Mkeka umeshatandikwa. Wanawake wamekuja. Najua hilo, dada, nililijua pale pale kwenye ngazi, na nikalisema hata hivyo. Kama mama yako anaweza kufunga siri kifuani, tafuta njia umwambie. Kama hawezi, mwache alie. Ni vibaya kusema hivyo, na mimi ni mama ninayesema. Afadhali akulilie ukiwa hai.

Usinipigie simu tena. Hata ukiolewa na mtu mwema, hata ukijifungua, hata ukiugua. Usimtume mtu. Mimi nitasema ulikufa kwa kila atakayeniuliza, nimeshamwambia hata Furaha, akaenda chumbani kwake akafunga mlango, akaniambia tu, "Mom, leave me alone," nami nikakaa nje ya mlango ule nikimsikiliza anakulilia, na sikumwambia kweli.

Ishi, dada. Nimekuzika vizuri.

Jirani yako aliyekuua kwa kunong'ona,
Mama Furaha